Kitabu cha Kuazima

Tulimkuta jirani yetu mmoja amesimama mbele ya duka la vitabu pamoja na bintiye wa gredi ya nne. Mtoto alikitwaa kitabu cha hadithi, akakifungua, akasoma ukurasa mzima pale pale, kisha akageuza nyuma kutazama bei. Akakirudisha mwenyewe rafuni kabla ya kuambiwa. Fedha za siku ile zilikuwa za unga na ada ya chuo, naye alikwisha kulijua hilo.

Mwenye duka hatumlaumu. Sheria ya kodi ya mwaka 2013 ilivitia vitabu katika VAT ya asilimia 16, na mzigo huo humwangukia mnunuzi. Lakini ziko nyumba za vitabu tulizokwisha kuzilipia kwa kodi zetu. Bunge lilipitisha sheria ya Huduma ya Maktaba ya Taifa mwaka 1965, na huduma hiyo imefika mahali ambapo hata gari hufika kwa taabu. Wafugaji wa Garissa huhama na mifugo yao. Basi mwaka 1996 maktaba ikaamua kuwafuata kwa ngamia. Ngamia mmoja hubeba masanduku mawili ya vitabu, mwingine hubeba hema. Wafikapo shuleni hema husimamishwa, mikeka hutandikwa, watoto wakachagua. Kinachotupendeza zaidi ni kwamba kitabu huachwa kikalale kwa mtoto hadi msafara urudi.

Huku kwetu ngamia hahitajiki. Mombasa ina maktaba yake, na ndani ya ngome ya Lamu, iliyopata kuwa gereza, mna maktaba pia. Wala kuazimana maandishi si jambo geni Pwani: utendi alioutunga Mwana Kupona mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake ulinakiliwa kwa mkono, ukatembea nyumba hadi nyumba, hata ukatufikia sisi.

Hata hivyo, rafu haijijazi yenyewe. Katiba ya 2010 imezitaja maktaba miongoni mwa kazi za kaunti, na kaunti hutakiwa kuwasikiliza wananchi kuhusu bajeti. Katika vikao hivyo tumesikia mengi juu ya barabara na maji, nayo ni haki. Juu ya vitabu vipya vya watoto tumesikia machache mno. Akina mama wakiuliza ni kiasi gani kimetengwa, na kama mlango utakuwa wazi Jumamosi watoto wasipokuwa shule, itabidi wajibiwe.

Jirani yetu tulimsindikiza maktaba wiki iliyofuata. Karatasi ikajazwa, mama akatia sahihi, binti akatoka na kitabu kwapani. Siku ya kukirudisha ilipofika alimwomba mama aende akamwongezee muda. Yeye alikwisha kukimaliza. Nduguye mdogo, ambaye humsomea kila baada ya Isha, alikuwa hajasikia mwisho.