Watu Tisa na Kazi Zao za Nchi Kavu

Wapo watu wanaotweka tanga bila shehena, bila abiria na bila nyavu. Hawaendi kuvua wala kuvusha mtu. Wanakwenda kwa kuwa wanapenda kwenda. Habari zao huandikwa sana, lakini huandikwa kwa upande mmoja: chombo, dhoruba, ushindi. Upande wa pili, yaani riziki yao hutoka wapi na mikono yao imezoea nini siku za kazi, hutajwa kwa sentensi moja na kuachwa hapo. Katika mashindano ya kuzunguka dunia ya mwaka 1968, upande huo ulioachwa ndio ulioamua karibu kila jambo.

Mashindano hayo yaliandaliwa na gazeti la Sunday Times la London. Kabla ya hapo Joshua Slocum, nahodha wa meli za tanga aliyekosa kazi baada ya meli za moshi kushika soko, alikuwa wa kwanza kuizunguka dunia peke yake, kati ya 1895 na 1898, akipumzika bandari nyingi. Francis Chichester, mchapishaji wa ramani, alizunguka mwaka 1966 na 1967 akisimama Sydney tu. Kilichobaki kilikuwa kuzunguka bila kutia nanga popote na bila kupokea msaada wa mtu. Atakayerudi kwanza angepewa tufe la dhahabu; atakayetumia siku chache zaidi, pauni 5,000. Kila mmoja alikuwa huru kuondoka siku aitakayo kati ya tarehe 1 Juni na 31 Oktoba. Hakuna aliyeulizwa cheti, wala hakuna aliyeulizwa kama aliwahi kushika usukani.

Walijitokeza tisa. John Ridgway na Chay Blyth walikuwa askari wa miavuli. Bill King alikuwa kamanda wa nyambizi katika Vita Kuu ya Pili, na sasa alikuwa mkulima Ireland. Nigel Tetley alikuwa bado ofisa wa jeshi la majini, na chombo alichoshindania ndicho kilichokuwa nyumba yake na mkewe. Loïck Fougeron alisimamia kampuni ya pikipiki Casablanca. Alex Carozzo alikuwa baharia wa Italia. Bernard Moitessier, Mfaransa aliyezaliwa Hanoi, aliishi kwa kuandika vitabu vya bahari, na alikuwa amekwisha kuvunjikiwa vyombo viwili. Donald Crowhurst alikuwa fundi wa elektroniki mwenye kampuni ndogo iliyoelemewa na madeni. Robin Knox-Johnston alikuwa ofisa wa meli za biashara.

Huyu wa mwisho anastahili kutazamwa kwa karibu, na wasomaji wa pwani ya Afrika Mashariki wana sababu yao ya kumtazama. Alipokosa nafasi katika jeshi la majini la Uingereza kwa kushindwa mtihani wa fizikia, aliingia mwaka 1957 katika kampuni ya British India, ileile ambayo meli zake Karanja na Kampala wazee wengi wa Mombasa, Unguja na Dar es Salaam wanazikumbuka. Alijifunza kazi katika Chindwara, meli ya wanafunzi iliyokwenda baina ya London na bandari zetu. Baadaye alihamia njia ya Bombay na Ghuba, na huko Bombay ndiko alikoamua kujenga chombo chake mwenyewe.

Ramani ya ujenzi aliyoipata haikuwa aliyoitaka. Aliagiza moja kutoka Uingereza akaletewa nyingine ya zamani, ya chombo kinene cha futi 32, chenye asili katika boti za uokoaji za Norway. Aliikubali. Mafundi wa Bombay walikijenga kwa msaji, wakichonga kwa tezo na kutoboa kwa keke ya kuvuta kwa upinde, vifaa ambavyo fundi wa majahazi wa Matondoni au Nungwi angevishika bila kuuliza. Chombo kikaitwa Suhaili, kwa jina la upepo wa Ghuba. Mwenye chombo alikuwapo, akitazama kila ubao ukishika nafasi yake. Hilo likaja kumfaa kuliko dira.

Aliondoka Falmouth tarehe 14 Juni 1968. Hazikupita wiki nyingi, maji yakaanza kuingia kuliko kawaida, na akawa anapiga bomba mchana na usiku. Katika joto la Atlantiki, kusini ya visiwa vya Cape Verde, alivaa miwani ya kuzamia akaingia chini kutazama. Kwa maelezo yake mwenyewe, aliona ufa kila upande, karibu na mlingoti mkuu, pale mbao zinapokutana na mkuku. Kila mmoja ulikuwa na urefu wa futi 8 hivi, na kila mara chombo kilipolala na kuinuka ulifunguka na kufumba. Alipanda juu, akavuta sigara, akafikiri.

Dawa ya ufa ni kalafati, na kila mtu wa vyombo anaijua: pamba hushindiliwa baina ya mbao hadi ishibe. Lakini kalafati hufanywa chombo kikiwa kimekauka, kimepandishwa ufukweni, fundi akiwa ameketi. Knox-Johnston alikuwa peke yake katikati ya bahari, na pumzi ya mtu chini ya maji ni fupi. Alijaribu kushindilia pamba kwa bisibisi. Kabla hajaishikiza, pumzi ilikwisha. Alipopanda kuvuta hewa, pamba ikatoka. Akajaribu tena na tena, na kila mara ikatoka.

Ndipo alipoigeuza kazi yenyewe. Alikata utepe wa turubai wenye upana wa inchi moja na nusu na urefu wa futi 7, akaushonea pamba juu yake, akaupaka lami, kisha akachomeka misumari midogo ya shaba kila baada ya inchi 6. Pamba sasa ilikuwa na kitu cha kuishika, na msumari ulikuwa tayari mahali pake ukingoja pigo. Nyundo aliitundika kwa kamba ubavuni mwa chombo ili asihangaike kuitafuta. Alivaa shati la buluu na suruali ya jinzi kuficha weupe wa mwili wake, maana aliamini papa huvutwa na kitu cheupe, akafunga kisu mguuni, akazama. Alipiga nyundo mara chache, akapanda kupumua, akazama tena, hadi utepe wote ukakaa. Juu yake aliweka bamba la shaba ili bahari isiung'oe.

Alipopumzika na kahawa yake katikati ya kazi hiyo aliona papa akizunguka chombo. Angeweza kungoja aondoke, lakini alimpiga risasi alipokaribia, akakaa akiangalia kama damu ingeita wengine, kisha akarudi majini. Ufa wa upande wa pili aliuziba baadaye kwa njia ileile.

Kazi hii haimo katika masomo ya ofisa wa meli ya chuma. Meli za British India hazikuwa na pamba wala lami ubavuni. Aliijua kwa sababu alisimama gatini Bombay na kuona mafundi wakifanya. Na njia hiyo ya kufikiri ilimfuata safari nzima. Injini ndogo ya kuchajia betri ilipokataa na kipimo cha kuwekea nafasi ya cheche kikakosekana, alichukua kitabu, akahesabu kwamba kurasa 200 hufanya inchi 1, akapima nafasi hiyo kwa idadi ya kurasa. Usukani wa kujiendesha ulivunjika, matangi ya maji yakaharibika, redio ikanyamaza. Chombo kiliendelea kwenda.

Crowhurst alikuwa kinyume chake, na hapa inafaa kusema kwa upole, kwa sababu hakuwa mpumbavu. Alikuwa na akili kali ya kubuni. Alipitia jeshi la anga na jeshi la nchi kavu, akafanya kazi ya elektroniki, kisha akaanzisha kampuni yake ya kuuza kifaa kidogo cha kutambua mwelekeo kwa mawimbi ya redio, kwa ajili ya watu wa vyombo vya matembezi kama yeye. Likizo zake zilikwenda katika chombo cha futi 20. Soko halikumpa alichotarajia. Mashindano yalionekana kuwa njia ya kuitangaza kampuni na kuiokoa, na mfadhili akakubali kulipia ujenzi kwa sharti moja zito: safari ikishindikana, kampuni ya Crowhurst ingelazimika kukinunua chombo. Kurudi nyuma kukawa sawa na kufilisika, naye alikuwa na mke na watoto wanne.

Chombo chake, kama cha Tetley, kilikuwa na umbo la ngalawa yenye mirengu miwili: chepesi na chenye kasi, lakini kikipinduka hakiinuki. Crowhurst alibuni mfuko wa hewa wa kuweka juu ya mlingoti, ambao mtambo wa kompyuta ungeujaza chombo kikilala. Nyaya zilitandazwa kila pembe, za rangi mbalimbali, zikikusanyika mahali mtambo ulipotakiwa kuwekwa. Mtambo haukuwapo. Haukumalizika kamwe. Aliondoka Teignmouth tarehe 31 Oktoba, siku ya mwisho iliyoruhusiwa, huku kazi nyingi zikiwa hazijafanywa.

Baada ya wiki chache alijua kwamba chombo hakiwezi bahari za kusini. Akabaki Atlantiki akituma kwa redio mahali pa uongo, akaandika hesabu za safari ambayo hakuisafiri, na mwezi Machi 1969 akaingia kwa siri Argentina kutengeneza ubavu uliovunjika. Kutunga hesabu za nyota za uongo ni kazi ngumu kuliko kuzipima za kweli, na aliiweza. Maandishi yake ya mwisho ni ya tarehe 1 Julai. Tarehe 10 Julai meli ya posta Picardy ilikikuta chombo kikielea bila mtu. Jinsi alivyoondoka humo, na kama angerudi salama laiti lile sharti la kampuni lisingekuwapo, hakuna anayeweza kujibu.

Uongo wake ulimpata mwingine. Tetley alikuwa amekwisha kuizunguka dunia na alikuwa anakaribia nyumbani, akiamini kwamba Crowhurst yuko nyuma yake kwa kasi kubwa. Akakilazimisha chombo kilichochoka, nacho kikazama karibu na Azores mwezi Mei 1969. Akaokolewa, lakini nyumba yake ilikuwa imezama. Wengine walitoka mapema: Ridgway aliishia Recife, Blyth Afrika Kusini, King alipinduka akaingia Cape Town, Fougeron akaacha kwa dhoruba, na Carozzo akaingia Ureno kwa ugonjwa wa vidonda vya tumbo.

Moitessier ni habari ya peke yake. Chombo chake kilijengwa kwa chuma na fundi wa matangi ya mvuke, na milingoti yake ilikuwa nguzo za simu. Alikuwa na nafasi nzuri ya kushinda zile pauni. Mwezi Machi 1969 aligeuza njia, akarusha ujumbe kwa manati kwenye meli kuwaarifu waandaaji kwamba harudi, akaenda hadi Tahiti. Kwake bahari haikuwa likizo, na pengine ndiyo maana tuzo haikumvuta.

Knox-Johnston alirudi Falmouth tarehe 22 Aprili 1969, baada ya siku 312, akiwa mtu wa kwanza kuizunguka dunia peke yake bila kusimama. Alipata tufe, na kwa kuwa hakuna mwingine aliyemaliza, alipata na pauni 5,000. Fedha hizo aliipa familia ya Crowhurst.

Itakuwa dhuluma kuhitimisha kwamba askari au fundi wa redio hawana mahali baharini. Blyth aliondoka akiwa hajui kuendesha tanga. Marafiki walitangulia mbele yake kwa chombo chao ili aige wanachofanya, na katika dhoruba alifungua kitabu cha mafunzo asome afanye nini. Miaka miwili baadaye, akiwa amejifunza na akiwa na chombo kinachofaa, aliizunguka dunia peke yake kuelekea magharibi, kinyume cha pepo kuu, kwa siku 292. Hakuna aliyewahi kulifanya hilo kabla yake bila kusimama.

Mwaka 1996 Knox-Johnston alianzisha mashindano mengine, yanayoitwa Clipper, ya watu wasio mabaharia: walimu, wauguzi, wahandisi, madereva, watu wanaoomba ruhusa kazini na kulipia nafasi yao. Kila chombo kina nahodha aliyesomea kazi hiyo, na kila anayepanda hufundishwa kwanza. Mwaka 1968 hakuna aliyewataka Blyth na Crowhurst wafundishwe.