Mmoja Huzama, Mwenzake Hukaa Ufuoni

Wawili wakienda likizo visiwa vya Karibi, mmoja mpiga mbizi na mwenzake hata kuogelea hajui, ugomvi huanzia kwenye kuchagua kisiwa. Wapiga mbizi watakutajia Bonaire. Sikatai: bahari yake imehifadhiwa tangu 1979, na mtu huingia majini kutoka ufuoni, chupa ya hewa mgongoni. Lakini mwenzake je? Mchanga ni haba, na heroe wakitazamwa asubuhi moja wanatosha.

Mimi ningechagua Curaçao, jirani yake. Huko pia matumbawe yako karibu na ufuo, hivyo hamtenganishwi na mashua kutwa nzima. Asiyezamia ana mji wa Willemstad na majumba yake ya rangi rangi. Ana mchanga wa Knip, na karibu na hapo lipo shamba ambako Tula aliwaongoza watumwa wenzake kuwaasi Waholanzi mwaka 1795.

Tena, aliyezamia siku kadhaa hushauriwa angoje angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege, maana naitrojeni iliyobaki mwilini yaweza kumdhuru. Basi siku ya mwisho chupa hulala, na asiyezamia ndiye aamue waende Willemstad au Knip.