Mafuta ya mgando, rafiki wa ngozi isiyopenda mambo mengi

Mtu akiwashwa mwili mwezi baada ya mwezi, asijue kama adui ni sabuni, hereni, dawa ya nywele au viatu, daktari wa ngozi ana njia ya zamani ya kumsaidia. Mgongoni humbandika vikombe vidogo vya alumini, kila kimoja kikiwa na kitu kinachoshukiwa: nikeli, manukato, kihifadhi cha krimu, kemikali ya mpira. Vikombe hukaa saa 48, kisha hubanduliwa, na daktari hutazama ni wapi ngozi imewaka. Mjerumani Josef Jadassohn aliieleza njia hii mwaka 1895 na hadi leo hospitali zinaitumia.

Je, wajua vitu hivyo vinachanganywa na nini kabla ya kubandikwa? Vingi huchanganywa na mafuta ya mgando. Kichanganyio lazima kiwe kitu ambacho ngozi haina ugomvi nacho, la sivyo daktari hatajua ni nini hasa kilichoiwasha. Kati ya mafuta, krimu na marhamu zote duniani, wataalamu wakachagua kitu kilekile kinachouzwa kwenye kikopo cha plastiki duka la mtaani, jirani na kiberiti na sabuni ya kufulia.

Asili yake haina upole wowote. Agosti 1859, huko Titusville katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, Edwin Drake alichimba kisima na kupata mafuta ghafi. Habari zilimfikia Robert Chesebrough, mkemia wa miaka 22 wa New York aliyekuwa akiishi kwa kutengeneza mafuta ya taa kutokana na mafuta ya nyangumi. Aliona biashara yake inakwenda kufa, akafunga safari kujionea. Huko visimani kilichomvutia ni uchafu: nta nyeusi ya kunata iliyoganda kwenye vyuma vya pampu. Wafanyakazi waliichukia kwa sababu ilikwamisha mitambo, lakini mmoja wao akijikata au akiungua, aliichota na kujipaka.

Chesebrough aliibeba nta hiyo hadi maabara yake na kuishughulikia kwa miaka mingi, akiivukiza na kuichuja kwa mkaa wa mifupa, mpaka akapata kitu laini chenye rangi hafifu, kisicho na harufu wala ladha. Mwaka 1872 alipewa hataza, na jina aliloipa bidhaa yake, Vaseline, likasambaa dunia nzima. Wanunuzi walipositasita, alijiunguza ngozi mbele yao kwa moto au tindikali, akapaka mafuta yake, kisha akawaonyesha majeraha ya zamani yaliyokwisha kupona. Mwenyewe alidai kwamba hula kijiko kimoja kila siku. Alifariki mwaka 1933 akiwa na miaka 96, ingawa hiyo si sababu ya mtu kuyala. Wala tusiige ule mchezo wa moto: jeraha bichi la kuungua hupozwa kwanza kwa maji safi yanayotiririka, dakika 20 hivi, na mafuta hayapakwi kabla ya hapo.

Alichouza Chesebrough kilifanya kazi, lakini maelezo yalichelewa. Mwaka 1962 George Winter, mtafiti aliyekuwa London, alionyesha kwa nguruwe kwamba kidonda kilichofunikwa kikabaki na unyevu huota ngozi mpya haraka kuliko kilichoachwa kikauke na kufanya kigaga. Na siri ya ngozi nzima, ile isiyo na kidonda, ilifumbuliwa baadaye zaidi.

Sehemu ya nje kabisa ya ngozi ni tabaka la seli zilizokufa. Maeneo mengi ya mwili unene wake ni milimita 0.01 hadi 0.02 tu. Kwa muda mrefu lilihesabiwa kama takataka inayongoja kubanduka. Peter Elias na wenzake wa San Francisco walibadilisha fikra hizo walipolifananisha na ukuta: seli ni matofali, na kati yake kuna saruji ya mafuta iliyotengenezwa kwa seramidi, kolesteroli na asidi za mafuta. Ukuta huo unazuia maji ya mwili yasipotee na unazuia vitu vya nje visiingie. Ngozi nyeti, mara nyingi, ni ngozi ambayo saruji yake imepungua. Maji yanatoka na ngozi inapauka na kukaza. Sabuni, vumbi na manukato yanapenya, nayo inawasha na kuchoma.

Wengine huzaliwa hivyo. Mwaka 2006 timu ya Irwin McLean wa Dundee, Uskoti, ilionyesha kwamba hitilafu katika jeni ya protini iitwayo filagrini huongeza sana uwezekano wa kupata ukurutu, ambao watu wengi huuita pumu ya ngozi. Tafiti zilizofuata zimeonyesha kwamba kwa Waafrika wenye ukurutu hitilafu hizo ni adimu, kwa hiyo filagrini si jibu la kila mtu. Na wapo ambao ngozi zao hazikuzaliwa nyeti kabisa. Zilifanywa nyeti na mkorogo wa kujichubua, kwa haidrokwinoni, zebaki na steroidi zinazoikondesha ngozi hadi jua la asubuhi linaiumiza. Mtu wa namna hiyo anahitaji daktari kabla hajahitaji mafuta yoyote, maana kuacha steroidi ghafla nako kuna madhara yake.

Sasa tuyarudie mafuta yetu. Watu wengi hudhani yanakaa juu ya ngozi tu, kama turubai. Mwaka 1992 maabara ya Elias iliyapaka kwenye ngozi ambayo saruji yake ilikuwa imeondolewa makusudi kwa kemikali. Walikuta yameingia katikati ya seli, kwenye nafasi zilezile zilizoachwa wazi, na ngozi ikaendelea kutengeneza saruji yake yenyewe bila kuzuiwa. Kwangu hili ndilo jambo la kupendeza kuliko yote katika habari ya kitu hiki: kinashika zamu, kisha kinampisha mwenye kazi.

Lakini hakina maji hata tone. Kinafunga kile kilichopo. Ukijipaka mwili uliokwisha kukauka na kupauka, unaufungia ukavu. Ndiyo maana utunzaji wa ngozi nyeti unaanzia bafuni, na bafuni ndiko makosa mengi yanakofanyika. Maji ya moto huyeyusha ile saruji. Yafaa ya uvuguvugu, na kuoga dakika tano hadi kumi kunatosha. Mwaka 1928 Wajerumani Heinrich Schade na Alfred Marchionini walieleza kwamba uso wa ngozi una asidi kidogo; pH yake ni karibu 5. Sabuni za kipande za kawaida huwa na pH ya 9 au 10. Kila povu linalopakwa mwili mzima linaiondoa ngozi kwenye hali yake, na ngozi nyeti huchelewa kurudi. Basi sabuni iende kwapani, kinenani na miguuni, penye jasho na uchafu. Mikono, mgongo na mapaja vikipata maji tu siku nyingi, havitanuka. Kwa uso, asubuhi maji yanatosha. Nalisema hili nikijua wengi wetu tumelelewa kuamini kwamba mwili haujatakata mpaka dodoki liukwaruze. Dodoki kwa ngozi nyeti ni msasa. Liache.

Ukitoka kuoga, gandamiza taulo bila kusugua, uache unyevu kidogo, na ndani ya dakika chache upake mafuta. Kiasi kidogo tu: kipashe joto viganjani kwanza, kiyeyuke, kisha kitandaze kufuata mwelekeo wa malaika. Jioni ndio wakati wake mzuri, kwa kuwa utalala nayo. Chagua yaliyoandikwa kuwa hayana manukato. Kuna makopo yenye rangi na harufu ya waridi au ya mtoto mchanga, na hayo yameharibu sifa ile iliyowafanya madaktari wayachague; manukato ni miongoni mwa vitu vinavyoongoza kwa kuleta mzio. Ukitaka kujaribu kitu kingine chochote kipya, kipake kwanza kwenye kikunjo cha kiwiko kwa muda wa wiki moja, na usianze vitu viwili kwa pamoja, kwani kipele kikitokea hutajua umlaumu nani.

Hali ya hewa nayo ina neno. Njombe au Limuru wakati wa baridi, mafuta haya ni neema mwili mzima. Dar es Salaam au Mombasa mwezi Februari, yakipakwa mazito huzuia jasho na kuleta vipele vya joto; huko yatoshe kwenye viwiko, magoti, visigino na midomo, na kwingine losheni nyepesi isiyo na manukato. Mwenye uso wa mafuta na chunusi afadhali atumie losheni pia. Mtoto asipakwe ndani ya pua, kwa kuwa mafuta yakivutwa hadi mapafuni hudhuru. Na matarajio yawe ya kweli: utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2020, wenye watoto wachanga 1,394, ulionyesha kwamba kuwapaka vilainisho kila siku katika mwaka wa kwanza hakukuwakinga na ukurutu. Ngozi kavu inanufaika. Ugonjwa hauzuiliki kwa kikopo.

Hatari moja haisemwi vya kutosha majumbani mwetu: moto. Shuka, kanga au bandeji iliyokunywa mafuta mengi ya mgando hushika moto kwa kasi kubwa, na kufua hakuyaondoi yote. Mama anayempaka mtoto mwenye ukurutu kila usiku asiweke nguo hizo karibu na jiko la mkaa, kibatari wala mshumaa.

Jua nalo mafuta haya hayalizuii. Hapo inahitajika losheni ya kinga, na kwa ngozi nyeti zile za madini, zenye oksidi ya zinki au titani, huwa hazichomi sana. Mjini Moshi, katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, hutengenezwa losheni ya kinga iitwayo Kilisun, iliyobuniwa mahususi kwa watu wenye ualbino na kugawiwa kwao. Mfamasia Mhispania, Mafalda Soto, ndiye aliyeongoza kuanzishwa kwake. Ngozi ya mwenye ualbino haina rangi ya kuikinga, na saratani ya ngozi imewaua wengi wangali vijana. Kwake losheni hiyo, kofia pana na mikono mirefu vinakuja kabla ya mafuta ya aina yoyote, kila asubuhi, hata siku ya mawingu.