Kuchora njia ya mavuno kwa simu ndogo



Katika koperative moja tunayosindikiza karibu na Goma, muchoro wa njia ya viazi ulikuwa kwenye karatasi moja tu, katika depo. Mvua ikaingia, karatasi ikalowa. Musimu uliofuata, gunia za vijiji viwili zikafika Sake siku moja. Depo ikajaa, zilizobaki inje zikaoza. Hasara ikawa ya wote.

Njo maana tulitafuta namna ya kuandika muchoro kwa mesaji, kila mutu abaki nao katika simu yake.

Kompyuta ziko na luga za kazi hiyo. Graphviz, iliyozaliwa katika maabara ya AT&T kule Marekani, inachora mushale ukiandika « a -> b ». Mermaid, ya mwaka 2014, inataka « a --> b ». Kwa simu ndogo ni taabu: alama > imefichama, lazima kufungua orodha na kuitafuta. Alama kama { na [ zinahesabiwa mara mbili katika mesaji ya herufi 160.

Tukabakiza kanuni tatu:

1. Kila njia iko na mustari wake.
2. Nukta njo mushale. Kwa simu nyingi unaipata kwa kufinya 1 mara moja.
3. Namba ya mwisho ni hesabu ya gunia.

Mufano:

Masisi.Sake.Goma 20
Minova.Sake.Goma 8

Kwa biro tunageuza nukta kuwa mushale, Graphviz inachora. Programu hiyo ni ya bure. Sake imeandikwa mara mbili, lakini katika muchoro ni fasi moja, njia mbili zinakutana pale. Mara moja munaona: gunia 28. Depo itatosha? Kama hapana, Minova ingoje kesho yake.

Muangalie jambo moja. Mutu akiandika « Sak », kompyuta itachora depo ingine isiyokuwako, na Sake itaonekana na gunia 20 tu. Hivi musikilizane kwanza juu ya majina, muyaandike kwenye mulango wa depo.

Kompyuta haiko? Chaki na ubao vinatosha: kanuni ni zile zile. Mbele ya mavuno, kila kijiji kilete mustari wake kwenye mukutano, tuchore pamoja.