Chai Inayounguza Ulimi

Asubuhi ya Julai mjini Moshi. Mlima umejifunika mawingu, na mama muuza chai jirani na stendi anamimina. Chai yake ni maziwa na maji vilivyochemshwa sufuria moja. Mteja akipewa ya vuguvugu, anasema, hurudisha kikombe na kuuliza kama ni ya jana. Wanaume ndio wasio na subira: dereva hupuliza mara mbili, anapiga funda, anaondoka na chapati mkononi.

Ningecheka nikasahau, kama nisingesoma habari za kipimajoto. Mwaka 2015 watafiti walichapisha vipimo vya wanywaji chai 188 wa Kilimanjaro. Walipima joto la chai pale mtu anapoanza kunywa. Wastani ulikuwa nyuzi 70.6, kuzidi tafiti zote za aina hiyo zilizotangulia. Na huku mlimani maji huchemka kabla hata ya kufika 100!

Kilichonikaa kichwani ni maziwa. Chai ya rangi ilipoa mara mbili upesi kuliko ya maziwa, kwa hiyo wa maziwa walikunywa yao ikiwa moto zaidi kwa karibu nyuzi 2. Asilimia 70 yao walisema wamewahi kuungua ulimi. Wa chai ya rangi, 39. Nilipomsimulia mama chai hakushtuka. Maziwa ni mazito, alisema, yanashika moto. Ndiyo maana akiwa na wateja wengi chai ya rangi huimimina mwisho. Kumbe alikuwa anajua siku zote.

Ulimi ukiungua utajua. Lakini umio, njia ya chakula, hutanuka na kuvumilia, uvimbe wa saratani ukikua kimya kimya. Kwanza hukwama tonge la ugali, halafu nyama, halafu ndizi zilizoiva laini, mwishowe hata uji. Wengi hufika hospitali wakati huo.

Tumo katika ukanda wa saratani ya umio unaoanzia Ethiopia hadi Afrika Kusini. Mwaka 2016 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walisema vinywaji vinavyozidi nyuzi 65 huenda vinasababisha ugonjwa huu. Utafiti wa Malawi na Tanzania, uliochapishwa 2022, uliwakuta hatarini zaidi wanaokula na kunywa vya moto sana na wasiosubiri vipoe. Sigara na pombe navyo vimo. Lakini mgonjwa asiyevuta wala kunywa, je? Na vijana ambao hata miaka 30 hawajafikisha?

Mama chai aliniuliza awaambie nini wateja wake. Dakika tano, nilijibu. Alimtazama dereva, kikombe chake kilikuwa kitupu tayari.

Nawe msomaji, tonge likianza kukwama, nenda ukapimwe. Usingoje uji nao ugome kushuka.