Je, Wajua? Damu Nayo Ina Njia za Panya

Je, wajua kwamba mshipa mkubwa wa damu ukizibika polepole, mwili haukai ukingoja daktari? Kando yake huwa kuna vijishipa vyembamba visivyo na kazi kubwa. Barabara kuu ikifungwa, damu hujipenyeza humo, na kadiri inavyosukuma ndivyo vinavyotanuka.

Inasimuliwa kwamba John Hunter, mpasuaji wa London, alimfunga kulungu dume mshipa unaolisha pembe. Pembe changa, ikiwa bado na ngozi yake ya manyoya, huwa ya moto ukiigusa. Ile ikapoa. Siku chache baadaye ikawa ya moto tena: damu ilikuwa imepata njia za panya. Desemba 1785 Hunter akafunga mshipa wa paja la mwendesha gari la farasi aliyekuwa na mshipa uliofura nyuma ya goti. Wapasuaji wengi wa zama zake wangeukata mguu. Mgonjwa huyu alibaki nao.

Je, wajua seli huomba mishipa? Zikikosa oksijeni hutoa protini iitwayo VEGF, na mishipa iliyo jirani huchipua kuelekea zilipo. Waliofumbua jinsi seli zinavyoihisi oksijeni, Kaelin, Ratcliffe na Semenza, walipewa Nobel mwaka 2019.

Basi si tuwape wagonjwa VEGF? Jeffrey Isner wa Boston alijaribu. Mwaka 1996 timu yake ilieleza habari za mama wa miaka 71 ambaye mguu wake wa kulia ulikosa damu. Walipaka miligramu 2 za jeni ya VEGF juu ya kiputo cha kupanulia mishipa, wakakiingiza mshipani. Wiki 4 baadaye picha zilionyesha vijishipa zaidi. Lakini mguu ulivimba, maana mishipa michanga huvuja, na ngozini pakaota madoa matatu mekundu yenye miguu kama buibui. Kwangu madoa hayo yanaeleza mengi kuliko picha zote: mbegu ilishika, ila iliota hata pasipotakiwa.

Majaribio makubwa yakavunja moyo. Katika lile la VIVA, la wagonjwa 178 wa moyo, hata waliodungwa dawa bandia walipata nafuu, na siku ya 60 hapakuwa na tofauti ya maana. TAMARIS, lililojaribu jeni ya protini nyingine inayochochea mishipa kwa wagonjwa 525 wa miguu, halikuokoa miguu zaidi.

Na kioja: wagonjwa wengi wa kisukari hudungwa sindano jichoni ili kuizuia VEGF hiyohiyo, isioteshe mishipa inayovuja na kupofusha.

Na mguu je? Mwenye mguu uliopungukiwa damu huandikiwa mazoezi: tembea hadi shavu la mguu liume, simama litulie, endelea, mara 3 kwa wiki, wiki 12. Wengi huishia kutembea mbali zaidi, ingawa sehemu kubwa ya siri haimo kwenye mishipa mipya bali kwenye misuli yenyewe, inayojifunza kubana matumizi ya oksijeni.