Treni Nyepesi Mjini: Je, Itapunguza Msongamano wa Magari?



Pengine mwanachama wa kikundi atauliza, "Sisi tuko kijijini, mambo ya treni za mjini yanatuhusu nini?" Yanatuhusu sana. Kabeji na viazi vyetu vinaingia Nairobi kwa lori, na lori likikwama kwenye jam, mboga zinanyauka na broka anateremsha bei. Watoto wetu wanaofanya kazi huko wanamaliza kwa nauli pesa ambazo wangetuma nyumbani. Tena miradi mikubwa ya mji hujengwa kwa mikopo, na mikopo hulipwa kwa ushuru wa kila mwananchi, hata yule anayenunua kipande cha sabuni katika duka la kijijini. Kwa hiyo tumeonelea vizuri tueleze jambo hili polepole, ili vikundi viweze kulijadili.

Treni nyepesi ni nini?

Ni treni fupi ya umeme inayobeba abiria ndani ya mji. Haibebi mizigo, na haisafiri mbali kama ile ya Mombasa. Umeme inaupata kwa waya zilizopita juu yake. Reli yake inaweza kupita katikati ya barabara, juu ya daraja au chini ya ardhi, na vituo vyake havikai mbali mbali.

Faida yake ni rahisi kuielewa. Treni moja ya namna hiyo inaweza kuchukua watu zaidi ya 200. Kwa matatu za abiria 14, hao ni matatu 14 na zaidi. Kwa magari ya kibinafsi, ambayo mara nyingi hubeba mtu mmoja au wawili, ni zaidi ya magari 100. Tena treni ina njia yake, haingojani na lori wala bodaboda.

Wengine husema, tupanue barabara tu, mambo yataisha. Lakini miji mingi imejaribu na ikaona kwamba barabara ikipanuliwa, watu wengi zaidi wanatoa magari, na baada ya miaka michache imejaa tena. Mji unaokua hauwezi kumpa kila mtu nafasi ya gari. Nairobi peke yake ilihesabiwa kuwa na watu karibu milioni 4.4 katika sensa ya 2019.

Majirani zetu wa Ethiopia walifanya nini?

Hatuna haja ya kwenda Ulaya kutafuta mfano. Mji wa Addis Ababa ulifungua treni nyepesi mwaka 2015. Njia ni mbili: moja inatoka kaskazini kwenda kusini, nyingine mashariki kwenda magharibi, na zinakutana katikati ya mji. Zote pamoja zina urefu wa kilomita zaidi ya 30, na vituo 39. Treni zilizonunuliwa zilikuwa 41. Gharama ilikuwa kama dola milioni 475 za Marekani, na sehemu kubwa, kama asilimia 85, ilikuwa mkopo kutoka benki ya serikali ya China. Kampuni ya China ndiyo iliyojenga.

Mwanzoni watu walifurahi. Nauli ilikuwa birr 2 hadi 6 kulingana na safari, kiasi ambacho mfanyakazi wa kawaida aliweza kulipa. Watu walijaa ndani hata pa kuweka mguu hapana. Hiyo yenyewe ilionyesha kwamba wananchi walikuwa na shida ya usafiri, na kwamba treni ikiwapo wataipanda.

Lakini shida zilianza kuonekana. Treni zilipoharibika, spea zilihitajika kutoka nje, na spea hununuliwa kwa dola. Nauli nayo inalipwa kwa birr, tena ni ndogo, haitoshi hata kuendesha kazi ya kila siku. Nchi ilipopungukiwa na dola, treni mbovu zikaegeshwa. Kufikia mwaka 2023, zilizokuwa zikitembea hazikufika hata nusu ya zile 41. Treni zikiwa chache, abiria anangoja muda mrefu kituoni, na anayechoka kungoja anarudi kwenye basi dogo, na barabara inajaa vile vile. Mkopo lakini haungoji. Unadaiwa treni itembee au isitembee.

Kulikuwa na shida nyingine pia. Umeme ukipotea, treni inasimama. Na pale reli ilipopita chini katikati ya barabara, ilikata mji vipande viwili. Mtu mwenye nyumba upande huu na soko upande ule alilazimika kuzunguka mbali kutafuta pa kuvukia.

Tunajifunza nini?

Vikundi vyetu mnalijua somo hili tayari. Ni vikundi vingapi vimenunua mashine ya kusaga posho au pampu ya maji, siku ya kuizindua ngoma zikachezwa, na baada ya mwaka mmoja mashine imekuwa kiota cha kuku kwa kukosa mkanda au fundi? Waswahili husema, kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Treni hununuliwa siku moja, lakini hutunzwa kila siku iendayo kwa Mungu.

Kwa hiyo jibu letu ni hili: ndiyo, treni nyepesi inaweza kupunguza msongamano, lakini kwa masharti. Ije mara kwa mara, ili mtu asingoje hadi achoke. Iwe na pesa za spea na mafundi wa hapa nyumbani waliofunzwa. Iunganishwe na matatu na njia nzuri za miguu, maana hakuna anayeishi ndani ya stesheni. Na nauli isimshinde mtu wa chini. Pengo likibaki, ijulikane mapema nani atalijaza.

Hata mabasi yenye njia yake yanahitaji malezi hayo. Dar es Salaam ilianza mabasi yaendayo kasi mwaka 2016. Njia ilijengwa vizuri na safari zikawa fupi, lakini abiria wakalalamika mara nyingi kwamba mabasi hayatoshi.

Na Nairobi je?

Nairobi ina reli tangu 1899, na treni za abiria wa mjini zinatumia njia hizo za zamani. Stesheni ya Syokimau ilifunguliwa mwaka 2012, na mwaka 2020 zikaletwa treni za dizeli ambazo zilikuwa zimetumika Hispania. Hizo si treni nyepesi za umeme, lakini zinasaidia. Kabla ya kukopa kwa reli mpya, ni haki kuuliza kama hizi zilizopo zinakuja mara nyingi vya kutosha, na kama abiria anafika stesheni bila taabu.

Katiba yetu ya 2010 inasema wananchi washirikishwe katika mambo ya pesa za umma. Mbunge wenu hupiga kura juu ya pesa hizo akiwa Nairobi, lakini kura yake aliipata kwenu. Akija kwenye baraza, msiogope kumuuliza.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Mazao yetu yanachukua saa ngapi kufika sokoni mjini, na tunapoteza kiasi gani yakichelewa?
2. Kuna mashine gani hapa kwetu iliyonunuliwa ikaharibika? Nani alipaswa kuweka pesa za kuitengeneza?
3. Mradi mkubwa ukitangazwa, tutauliza mambo gani matatu: mkopo ni wa kiasi gani, nani atatunza, na nani atapanda?
4. Nani katika kikundi chetu atatumwa kuyauliza, na lini?